Springi Huongezwa, Breki Husahaulika

Katika mbio za East African Safari za mwaka 1963, magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyofika mwisho yakawa saba tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lao lilikuwa Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Naye aliendesha 404. Si ajabu basi kwamba wazee wapenda magari wakikaa kupiga gumzo, hawachukui muda kabla ya kulitaja jina la Peugeot, au Pijo kama wenyewe wanavyolitamka.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu usafiri wa barabarani nchini Kenya. Kwa ajili hiyo nimekuwa nikikaa kwenye gereji za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Nilitarajia hadithi za mbio. Hadithi hizo zipo, lakini muda mwingi mafundi na madereva wa zamani hubishana kuhusu springi.

Mabishano hayo yamenifunza historia kuliko nilivyodhani. Mbio zilikuwa za siku chache za Pasaka. Siku nyingine zote za mwaka gari lilikuwa kazini: magunia ya viazi, madebe ya maziwa, mbao, ng'ombe mmoja aliyefungwa miguu, maharusi, jeneza. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968, ilikuwa na toleo refu la familia lenye safu tatu za viti. Nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma iliongezwa kwa zaidi ya sentimita 15 kuliko ile ya gari dogo, na ekseli ya nyuma ikakalishwa juu ya springi nne, mbili kila upande. Kule Ufaransa gari hilo lilipeleka familia likizoni. Huku likawa teksi ya masafa marefu, na hesabu ya abiria haikufuata hesabu ya viti.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu iliyokuwa ikidaiwa mabasi. Kabla ya hapo zilifanya kazi kwa kujificha, kwa nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, na ndiko jina lilikotoka. Baada ya tangazo hilo, mtu mwenye pikapu na mabenchi mawili alikuwa na biashara halali. Wenye magari wengi walimkabidhi dereva gari asubuhi na kutaka kiasi fulani cha pesa jioni. Kilichozidi kilikuwa cha dereva na utingo wake.

Hapo ndipo springi zinapoingia. Gari lililozidisha mzigo huinama nyuma, na askari wa barabarani huliona toka mbali. Fundi akiongeza chuma kimoja bapa kwenye springi za pikapu, gari husimama sawasawa hata likiwa limejaa. Kazi hiyo haikuwa ghali, na ililipa kuanzia safari ya kwanza. Kila upande ulikuwa na sababu ya kuitaka: mwenye gari, dereva, na hata abiria aliyechoka kungoja.

Breki zilibaki zile zile za kiwandani. Mzigo ukiongezeka maradufu, gari linahitaji masafa marefu zaidi kusimama, na kwenye mteremko breki hupata moto hadi zikaacha kushika. Kwa anayeshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, kwenye ile barabara ya ukingo wa Bonde la Ufa iliyojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano, jambo hilo si nadharia. Ndiyo maana madereva wa zamani bado wanasisitiza kanuni moja: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Kanuni hiyo ilitunza breki ambazo hakuna aliyetaka kuzilipia. Fundi mmoja mzee aliniambia kwamba wateja wake walimuuliza gari litabeba ngapi, na wachache mno waliuliza litasimama baada ya hatua ngapi.

Tukisoma historia ya matatu, tunakutana na sheria. Mwaka 1984 leseni na ukaguzi vilirudishwa. Mnamo Februari 2004 zikaanza kutekelezwa kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi: mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Zilihitajika. Lakini ukaguzi huja mara moja kwa mwaka, na breki huliwa kila siku. Maadamu pesa ya jioni ilikuwa lazima ipatikane, siku ya kulaza gari gereji ilikuwa siku ya hasara, na hasara hiyo ilimwangukia dereva kwanza. Tumezoea kusema ajali zililetwa na madereva wazembe. Mimi naona tumewaacha nje waliopanga hesabu.

Peugeot zimebaki chache barabarani. Mahali pake pamechukuliwa na Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi la kampuni ndogo. Kwetu hubeba miraa, mboga, na watu zaidi ya idadi ya viti. Nyingi zimeinuliwa nyuma. Vijana wanaozitengeneza hulisifu gari kwa maneno yale yale niliyosikia kwa wazee: halichoki, halijui mzigo.

Nyaraka za serikali zitanionyesha leseni zilizotolewa na sheria zilizopitishwa. Hazitaniambia ni nani alilipia springi, na ni nani alikataa kulipia breki. Hilo wanalijua watu wa Grogan ambao sasa wana mvi, na ndiyo sababu nikienda huko siku hizi, huanza kwa kuwauliza kuhusu breki.