Kisu cha serikali, kisu cha binafsi

Wadau, juzi nikiwa Shinyanga mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera (1978-79) aliniuliza: kwenye upasuaji, nani bora, serikali au binafsi?

Nikakumbuka Bugando, Mwanza, kunakokwenda rufaa za Shinyanga na Geita. Ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa 1971, ikataifishwa 1972, ikarudishwa kwa maaskofu 1985 huku serikali ikiendelea kulipa mishahara. Aliyepasuliwa pale 1979 anahesabika wa serikali, wa 1986 wa kanisa. Hospitali ni ile ile! Na tiba ya biashara ilipigwa marufuku 1977 hadi 1991.

Mzee bado ana kipande cha chuma gotini. Tangu atolewe nyuzi hakuna aliyemfuatilia. Bila kumfuatilia, tutalinganisha nini? Mnasemaje?