Gia Zijibadilishazo

Mtu asimamaye asubuhi kando ya Valley Road, katika jiji la Nairobi, huyasikia magari yakipanda kutoka katikati ya mji kuelekea Ngong Road. Mengi hupanda kwa sauti laini, kama msemaji asiyetafuta maneno. Lakini mara hupita gari kubwa la zamani, la aina iliyoundwa kwa njia za matope na mawe. Injini yake hunguruma kwa nguvu, gari lenyewe likasitasita, halafu gia huingia kwa kishindo na kuwatikisa waliomo. Dereva hukunja uso, akaendelea na safari yake. Katika kishindo hicho kifupi mna historia ndefu, na aijuaye historia hiyo hupata njia ya kuokoa gari lake na fedha zake.

Kwanza yafaa tujue kazi ya gia. Injini izungukapo polepole huwa na nguvu kidogo tu. Gia ndogo huigeuza mbio ya injini kuwa nguvu ya kupandia kilima, na gia kubwa huigeuza nguvu hiyo kuwa mwendo wa barabara tambarare. Hapo zamani kazi ya kuchagua ilikuwa ya mkono na mguu wa dereva. Aliyekosea aliyasikia meno ya gia yakisaga, na kosa lake likamfundisha papo hapo.

Wavumbuzi walitaka kumpunguzia dereva taabu hiyo. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger alipata hati ya uvumbuzi wa chombo cha kupitisha nguvu kwa njia ya maji, nacho kilikusudiwa kwa meli. Tufikiri mapangaboi mawili yaliyoelekeana: moja likizungushwa, upepo wake hulizungusha la pili bila kuligusa. Badala ya upepo tia mafuta, na hiyo ndiyo siri ya chombo kilichochukua mahali pa klachi. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi ya Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile, yenye gia nne zilizojibadilisha zenyewe. Vita vilipokuja, giaboksi hiyo ilitumiwa hata katika vifaru. Baadaye Wajapani nao walishika kazi hiyo: Toyota ilitoa giaboksi yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1959, na mwaka 1969 kampuni ya Aisin-Warner iliundwa Japani kwa kuzitengeneza.

Katika Afrika ya Mashariki uvumbuzi huo haukupokewa kwa haraka. Madereva wengi waliona kwamba gari lisilo na klachi ni la mjini, wala halifai kwa safari ngumu. Range Rover, iliyotolewa Uingereza mwaka 1970, ilikaa hadi mwaka 1982 kabla ya kuuzwa na kiwanda chake ikiwa na gia zijibadilishazo. Hata hivyo, katika mashindano ya Safari ya mwaka 1979, Hannu Mikkola wa Finland alishika nafasi ya pili kwa gari la Mercedes-Benz 450 SLC lenye gia za namna hiyo. Matope na mawe ya Kenya yalitoa ushahidi kwamba chombo hicho hakikuwa dhaifu, kikitunzwa.

Neno kikitunzwa ndilo kiini cha habari yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya biashara ya nje, na magari yaliyokwisha kutumika, mengi yakiwa ya kutoka Japani, yakaanza kumiminika katika bandari ya Mombasa. Usukani wao uko upande wa kulia kama wetu, na bei yao ilikuwa nafuu kuliko ya magari mapya. Sheria iliyokuja baadaye iliruhusu yasiyozidi umri wa miaka 8. Basi gari lililofika likiwa na miaka 7 liliweza kuishi Nairobi miaka 15 zaidi, likipita kutoka mikono ya mmoja hadi ya mwingine. Kila mwenye gari alirithi utunzaji au uzembe wa waliomtangulia, mara nyingi bila hata karatasi moja ya kumweleza.

Na kinachosahauliwa kwanza ni mafuta ya giaboksi. Mafuta haya si ya kulainisha tu. Ndiyo yapitishayo nguvu, ndiyo yasukumayo vali na kubana sahani za klachi za ndani, na ndiyo yaondoayo joto. Kazi yao ni ngumu hata ikawa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mafuta ya nyangumi yalitiwa ndani yake ili sahani zishikane kwa ulaini. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi huyo, wakemia walilazimika kutafuta badala yake. Tangu hapo aina za mafuta zimezidi kuwa nyingi, na kila giaboksi ina yake. Atiaye aina yoyote aionayo dukani huweza kuleta kishindo palipokuwa na ulaini.

Nairobi nayo ina tabia zake. Katikati ya jiji ni mita 1,660 hivi juu ya bahari, na Waiyaki Way hupanda kupita Westlands, Kangemi na Uthiru, kuelekea Limuru iliyo zaidi ya mita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na taba hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu zake. Kwa hiyo giaboksi hushuka gia mara kwa mara, ikapanda, ikashuka tena. Hiyo ni tabia ya mahali, si ugonjwa wa gari. Dawa yake ni dereva kuizuia gia ya juu kwa mkono wake mpaka kilima kiishe. Lakini gia ikichelewa, injini ikakimbia bila gari kufuata, au gari likipiga teke kila mara, huo ni ugonjwa.

Mwandishi wa insha hii aliwahi kuwa na gari la zamani lililopiga teke kila lilipotoka gia ya pili kwenda ya tatu. Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Alitaka auziwe giaboksi nyingine kuukuu, kwa bei ya karo ya mtoto ya mwaka mzima. Fundi wa pili, mzee wa karakana ndogo karibu na Barabara ya Kirinyaga, aliwasha injini ikapata moto, akachomoa kijiti cha kupimia, akapaka mafuta kwenye karatasi nyeupe. Yalipaswa kuwa mekundu. Yalikuwa ya kahawia, lakini hayakunuka kuungua. Akasema, "Bado kuna uhai." Alimwaga yaliyotoka, akatia aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, akabadili chujio, na kurudia kazi hiyo mara mbili kwa majuma kadhaa, ili yasiyotoka mara ya kwanza yachanganyike na kutoka baadaye. Teke lilipungua, lisiishe kabisa. Mzee hakuficha: vali zilizolika kwa miaka mingi hazirudishwi ujana kwa mafuta mapya. Gari hilo lilitumika miaka minne zaidi, na karo ililipwa.

Hivyo historia ya gia hizi ina funzo kwa kijana ajifunzaye ufundi, na kwa kila atakayenunua gari siku moja. Uvumbuzi ulimwondolea dereva kazi ya mkono, lakini haukumwondolea wajibu. Zamani kosa lilimpigia kelele siku ile ile. Siku hizi hukaa kimya ndani ya mafuta miaka kadhaa, kisha hudai malipo kwa aliyemo garini, awe ndiye mkosaji au sivyo. Kabla ya kununua, chomoa kijiti utazame rangi. Ukisha kununua, andika tarehe ya kila utengenezaji, ili atakayekufuata asirithi kiza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mwenye gari la zamani aweza kuuona ufa huo kwa kipande cha karatasi nyeupe.