Bayeye wa Usukuma: Historia ya Kazi ya Nyoka Iliyogeuzwa Ngoma

Usukuma, nchi iliyoko kusini mwa Ziwa Viktoria katika mikoa ya sasa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, ni nchi ya mbuga, majabali na vichuguu, ambako mkulima, mchungaji na nyoka hutumia ardhi moja katika majira yaleyale ya mwaka. Kwa sababu hiyo Wasukuma, kama jirani zao Wanyamwezi, hawakuliacha suala la kuumwa na nyoka mikononi mwa bahati, bali waliliundia chama chenye masharti, viongozi, dawa na nyimbo, ambacho wanachama wake huitwa Bayeye na pengine Bagoyangi. Watu wa nje waliofika huko katika karne ya 20 waliwatazama Bayeye zaidi kama wacheza ngoma wanaojivika chatu shingoni. Mtazamo huo uliificha kazi yao ya msingi, ambayo ilikuwa kukamata nyoka walioingia katika makazi, kuwatibu walioumwa na kuwafundisha wengine namna ya kuishi na hatari hiyo.

Ili kazi hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kutofautisha nyoka wenyewe, kwa maana kila mmoja ana namna yake ya kudhuru. Kifutu, anayeitwa pia moma au bafe kulingana na mahali, ni nyoka mnene na mfupi ambaye rangi zake hufanana na majani makavu na udongo. Hutegemea kutoonekana kuliko kukimbia, na kwa hiyo humuuma mpita njia aliyemkanyaga au aliyeweka mguu karibu naye. Sumu yake huharibu nyama na mishipa ya damu, mguu huvimba na kutoka malengelenge, na mgonjwa asipotibiwa mapema sehemu ya nyama huoza, hata ikabidi kiungo kikatwe. Swila, ambaye ni jamii ya nyoka wanaotanua shingo, anaweza kurusha sumu machoni kwa umbali unaozidi mita 2, na jicho lisiposafishwa upesi kwa maji mengi huweza kupofuka. Koboko, aliye mrefu na mwepesi kuliko nyoka wengine wa sumu wa huko, ana sumu ya neva, yaani sumu inayokata mawasiliano kati ya neva na misuli, hivyo kope hulegea, ulimi huwa mzito, na hatimaye misuli ya kupumulia husimama ilhali mguu ulioumwa hauoneshi uvimbe mkubwa. Chatu hana sumu kabisa, na jambo hili lina uzito katika historia ya Bayeye, kwa kuwa nyoka aliyewapatia sifa mbele ya watazamaji ni yule ambaye hakuwa sababu ya kuundwa kwa utaalamu wao.

Mpangilio wa maisha ya Kisukuma ulizidisha nafasi za binadamu na nyoka kukutana. Kaya ilizungushiwa ua wa minyaa, mmea wenye utomvu mweupe ambao mifugo haiuli, na ua huo ukikomaa hufanya kichaka kizito chenye kivuli mchana kutwa. Ndani ya ua kulikuwa na vihenge, yaani maghala ya kufuma ya kuhifadhia mtama na uwele, na baadaye mahindi. Nafaka iliwaita panya, na panya waliwaita nyoka, kiasi kwamba mwanamke aliyeingiza mkono gizani chini ya kihenge kuokota kibuyu alikuwa katika hatari sawa na ya mtu aliyekuwa porini. Nje ya kaya kulikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili nyasi zitunzwe kwa ajili ya kiangazi. Wavulana walioingiza ng'ombe humo mara ya kwanza, bila viatu na nyasi zikiwa zimefika kiunoni, waliingia mahali ambapo kwa miezi kadhaa hapakuwa na kishindo cha kuwafukuza nyoka. Kwa hiyo majeruhi wa nyoka tangu zamani ni watu wa kazi, na orodha yao hufuata kalenda ya kulima, kuchunga na kuvuna.

Safari nazo ziliongeza hatari hiyo. Katika karne ya 19 maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma walifanya kazi ya upagazi, wakibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Njia za misafara zilikuwa nyembamba, zikipitwa na mtu mmoja nyuma ya mwingine, na mzigo wa kichwani au begani ulimzuia mpagazi kutazama vizuri mahali anapokanyaga. Katika mazingira hayo mtu aliyejua dawa ya nyoka alikuwa na thamani katika msafara mzima, na ni jambo la kueleweka kwamba utaalamu wa namna hii ulivuka mipaka ya himaya za watemi, ukawa mali ya pamoja ya Wasukuma na Wanyamwezi.

Chama cha Bayeye hakikuwa kundi la ukoo, kwa kuwa mtu alijiunga kwa kukubaliwa, kulipa ada na kupitia mafunzo chini ya mwalimu. Msingi wa mafunzo hayo ulikuwa lukago, yaani dawa ya kinga ambayo mwanafunzi alichanjwa kwa chale ndogo mwilini kabla ya kuruhusiwa kushika nyoka wa sumu. Baada ya hapo alifundishwa mizizi na majani ya kutibu, namna ya kumbana nyoka kichwa bila kumuumiza, dalili za kila sumu, na siri ambazo hazikupaswa kutolewa nje ya chama. Nyimbo zilikuwa daftari la chama, kwa sababu ndani yake yalihifadhiwa mafundisho, majina ya dawa na sifa za walimu waliotangulia, na mwanachama aliyezijua nyimbo nyingi alikuwa kwa maana halisi msomi wa fani yake. Hata uchezaji hadharani ulikuwa na kazi yake: baada ya mavuno, wakati vyama viwili vikubwa vya mashindano ya ngoma, Bagika na Bagalu, vilipogombea watazamaji, Bayeye walionyesha nyoka ili umma ujue ni nani wa kuitwa siku ya hatari.

Swali kama lukago ilimkinga mtu kweli linastahili jibu la uangalifu. Inajulikana kisayansi kwamba mwili unaopewa sumu ya nyoka kidogo kidogo huweza kutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazoitambua sumu hiyo na kuifunga, kwa hiyo wazo la kuchanja kinga halikuwa upuuzi. Hata hivyo kinga ya namna hiyo hupungua isiporudiwa, kiasi chake hakitabiriki, na kingamwili zilizozoea sumu ya kifutu hazimwokoi mtu na sumu ya koboko. Tena, si kila nyoka anayeuma huwa na sumu, na hata mwenye sumu mara nyingi huuma bila kuitoa, au huitoa kidogo tu, hivyo wagonjwa wengi wangepona kwa dawa yoyote au bila dawa. Mganga aliyewatibu watu hao hakuwa mdanganyifu, maana aliona kwa macho yake wagonjwa wake wakiinuka. Ila kwa mgonjwa aliyepata sumu nyingi, mizizi na chale havikutosha, na hapo ndipo ukomo wa utaalamu huu ulipo.

Maandishi ya kwanza yaliyowatangaza Bayeye nje ya Afrika Mashariki yalitoka kwa watu waliokuja kutafuta wanyama. Mwaka 1926 msafara wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani ulifika Tanganyika kukusanya wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka na mijusi aliyewahi kuwa msaidizi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika, na Mmarekani F. G. Carnochan. Huyo wa pili ndiye aliyevutiwa na wataalamu wa nyoka wa Unyamwezi, akarudi kuishi kati yao, na mwaka 1935 akachapisha pamoja na mwandishi mwingine kitabu juu ya chama hicho, kitabu chenye mambo mengi ya thamani lakini kilichoandikwa kwa mtindo wa kumsisimua msomaji. Kazi tulivu zaidi ni ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyetumikia serikali ya kikoloni kama mtafiti wa mila, ambaye mwaka 1946 alichapisha makala kuhusu Bayeye wa Usukuma na kuwaita chama cha siri. Neno hilo la siri lilivuta macho ya wasomaji upande wa miiko na maapizo, ilhali matibabu, ambayo ndiyo yaliyowafanya wanavijiji wakithamini chama, yalibaki pembeni.

Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikibadilisha ardhi yenyewe. Shinyanga ilifanywa makao ya utafiti wa mbung'o, inzi anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa mifugo, chini ya Charles Swynnerton, na tangu miaka ya 1920 vikosi vikubwa vya wanakijiji vilitolewa kufyeka vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Baadaye pamba ilienea juu ya ardhi iliyofyekwa, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, na wavunaji wakawa wakiinama mchana kutwa kati ya mistari ya mimea inayofunika ardhi. Kumbukumbu za kilimo za wakati ule zilihesabu marobota ya pamba kwa makini sana, lakini mkono ulioumwa wakati wa kuokota pamba haukuwa na safu katika vitabu hivyo. Tofauti hiyo inaonekana pia kusini mwa nchi, ambako C. J. P. Ionides, askari wanyamapori wa Liwale aliyehamia Newala, alijipatia jina la Bwana Nyoka kwa kukamata maelfu ya nyoka, wakiwamo nyoka wa kijani wa jamii ya koboko waliokaa katika miembe na mikorosho ya watu. Vitabu viliandikwa juu ya maisha yake kabla hajafariki mwaka 1968, na nyoka wake walipelekwa katika bustani za wanyama na maabara za ng'ambo, ila wanavijiji waliomletea habari za nyoka, na ambao ujuzi wao ulimwezesha kuwapata, hawakuandikiwa kitabu.

Tiba ya kisayansi ilikuwapo tayari. Katikati ya miaka ya 1890 Albert Calmette wa Ufaransa alitangaza seramu dhidi ya sumu ya nyoka, yaani maji ya damu ya farasi aliyezoeshwa sumu kwa vipimo vinavyoongezeka, ambayo hudungwa kwa mgonjwa ili kingamwili za farasi ziifunge sumu mwilini mwake. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Johannesburg ilianza kutengeneza seramu kwa ajili ya nyoka wa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1920. Seramu hiyo ilikuwa ghali, ilihitaji hospitali na mtu anayejua kushughulikia mshtuko ambao damu ya farasi huweza kumletea mgonjwa, na haikuteremka hadi zahanati za mashambani. Pengo hilo katika nchi za Maziwa Makuu lilijazwa kwa sehemu na jiwe la nyoka, kipande cheusi cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa, ambacho misheni za Kikatoliki zilikieneza sana. Jiwe hilo lina vitundu vidogo vingi, na likibandikwa juu ya jeraha lililochanjwa hunyonya damu na kunata mpaka limejaa, kisha hudondoka, na mtazamaji huamini kwamba limemaliza kazi. Kwa kweli linachonyonya ni damu ya juu ya ngozi, na sumu iliyokwisha kuingia ndani hailifuati. Inafaa kukumbuka hivyo kila inaposemwa kwamba imani zisizo na msingi juu ya nyoka ni za waganga wa kienyeji peke yao.

Baada ya Uhuru, Bayeye walipata heshima kubwa kama wasanii. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga Bujora karibu na Kisesa kituo cha utamaduni ambacho makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1968, na sherehe ya Bulabo inayofanyika huko kila mwaka imewapa wacheza nyoka uwanja wa kudumu. Ngoma ya nyoka ilifika pia katika kumbi za mijini. Heshima hiyo ni halali na imeokoa nyimbo nyingi zisipotee, lakini ilikamilisha mabadiliko yaliyoanza zamani, kwa kuwa chatu asiye na sumu alibaki jukwaani, na kifutu alibaki shambani pamoja na wale wale aliokuwa akiwauma.

Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017 tu. Shirika hilo linakadiria kwamba duniani hufa kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka kwa sababu hiyo, na kwamba Afrika peke yake ina matukio kati ya 435,000 na 580,000 yanayohitaji tiba. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2014, kampuni ya Ufaransa Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza seramu ya Fav-Afrique, iliyofanya kazi dhidi ya nyoka kumi wa Afrika, kwa kuwa haikuwa na faida kibiashara, na akiba yake ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, unaolenga kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030, unataka pia jamii na waganga wake washirikishwe ili mgonjwa afikishwe hospitali mapema. Katika Usukuma mtu wa kushirikishwa hahitaji kutafutwa, kwa sababu Bayeye ndio ambao hadi leo huitwa usiku nyoka anapoonekana chini ya kihenge, na ndio wanaoweza kumtambua kwa jina kabla ya mgonjwa kupakiwa katika baiskeli. Wakifundishwa kutochanja jeraha, kutofunga mguu kwa kamba, kuulaza mguu bila kuutikisa na kutaja aina ya nyoka kwa mganga wa zahanati, watakuwa wameongeza sehemu moja tu katika kazi waliyoifanya tangu zamani. Sehemu inayobaki, yaani chupa ya seramu iliyokaushwa ambayo huweza kuhifadhiwa bila jokofu, ni juu ya wale wanaopanga bajeti za dawa.