Jeni Iliyozaliwa Pwani ya Kilifi Ikaizoea

Historia ya Malindi tuliyosomeshwa ina nguzo ya Vasco da Gama, magofu ya Gede na Mekatilili wa Menza akiwakaidi wakoloni. Yote naipenda. Lakini iko historia nyingine ya pwani hii, haina nguzo wala tiketi ya kiingilio, nayo imehifadhiwa mahali ambapo wengi wetu hatupendi kuguswa: kwenye damu.

Hofu hiyo si ya leo. Bibi zetu walituhadithia mumiani, watu wanaovizia wenzao usiku wakawakamua damu ya kufanyia dawa. Basi KEMRI ilipoanza utafiti wake na Wellcome kwenye hospitali ya Kilifi mwaka 1989, wakiongoza Kevin Marsh na Norbert Peshu, minong'ono haikukosekana. Mimi siwacheki walionong'ona. Damu za Wakenya zilikuwa zimechukuliwa hata kabla ya hapo.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alizunguka nchi akipima damu. Akaona jambo la ajabu: huku pwani na kule ziwani Victoria, waliobeba nakala moja ya jeni ya selimundu walizidi asilimia 20, nyanda za juu kwenye baridi hawakufika hata mmoja kwa mia. Mbona ugonjwa unaoua watoto uenee hivyo? Akashuku malaria. Kisha akawaambukiza wanaume 30 wa Kiluo vimelea vya malaria. Kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 vimelea vilishika. Kati ya 15 walio nayo, 2 tu. Matokeo yalichapishwa 1954, na Allison yumo vitabuni hadi leo. Wale 30 wamebaki hesabu tu.

Selimundu ni kosa la herufi moja katika jeni ya zamani. Kisa kinachonivutia zaidi ni cha pili, kwa sababu hapo ilitokea jeni mpya kabisa. Inaitwa Dantu.

Juu ya chembe nyekundu za damu kuna protini ziitwazo glaikoforini, na kimelea cha malaria huzishika kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango. Jeni za glaikoforini A na B zimepakana, tena zinafanana, maana ni nakala za mzazi mmoja wa kale. Sasa mfikirie fundi mwenye kanga mbili zinazokaribiana rangi. Mkasi ukateleza, na katika kushona akaunga mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Ndivyo ilivyokuwa: mwanzo wa B, mwisho wa A. Hakuna aliyekusudia. Makosa ya namna hiyo hutokea kila mara, na mengi hupotea na mwenyewe.

Hili halikupotea. Utafiti uliotoka 2017 ulionyesha kwamba mtoto mwenye nakala moja ya Dantu hatari yake ya malaria kali hupungua kwa asilimia 40 hivi. Kenya nakala hizo ni karibu moja kati ya kumi. Afrika Magharibi, ambako malaria nako ni balaa, ni adimu mno. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, wakitumia damu ya watoto wa Kilifi, wakaeleza sababu: utando wa chembe zenye Dantu umekazwa, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa sawasawa. Kimelea kinasukuma, kinasukuma, kinashindwa kuingia.

Watu husimulia habari hii kama zawadi ya maumbile kwa watu wa pwani. Neno hilo silipendi. Jeni haienei kwa sababu ni nzuri. Inaenea kwa sababu waliokuwa nayo waliishi wakazaa, na ndugu zao wasio nayo wakazikwa wadogo. Ukiniambia moja kati ya kumi, mimi nahesabu vilio vya kina mama, Ganze, Chonyi, Junju, vizazi na vizazi, na hakuna aliyeviandika.

Tena deni la selimundu halijaisha. Dantu, kwa yanayojulikana, haimletei mwenyewe ugonjwa kama huo, lakini selimundu ikikutana nakala mbili ni maumivu ya maisha. Malaria Kilifi ilishapungua sana ikilinganishwa na miaka ya 1990, vyandarua vikichangia. Jeni haina habari. Wazazi wenye nakala moja moja, wazima kabisa, kila mimba yao bado ina uwezekano ule ule, mmoja kati ya minne, wa mtoto atakayelia mifupa usiku akiulizwa ameanguka wapi.