Pumzi ni Amana: Wagonjwa wa Kifua Katika Zama za Maradhi ya Mlipuko

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Safari hii tumeona tuzungumzie wenzetu wenye pumu, kifua kikuu na maradhi mengine ya mapafu, na hali zao pale maradhi ya mlipuko yanapoikumba jamii. Tutapita katika historia, kwani aliyetutangulia ameacha mafunzo. Lakini kwanza tuseme kosa letu wenyewe.

KISA KILICHOTUFANYA TUANDIKE

Mwezi wa Machi 2020, siku chache kabla shule za hapa Kigali hazijafungwa, tulikuwa darasani na watoto wa juzuu Amma. Ilikuwa Alhamisi, na kama desturi yetu tulikuwa tumefukiza udi. Kijana mmoja wa miaka kumi na moja, mwenye pumu, akaanza kukohoa. Habari za korona zilikuwa zimeshaenea, na wenzake wakaruka kutoka kwenye mkeka wakipiga kelele. Sisi walimu, badala ya kuutoa ule moshi, tulimtoa mtoto. Tulimwambia aende kwao, arudi akipona.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi, na usiku wa tarehe 21 watu wakaamriwa kubaki majumbani. Mama yake yule kijana alikuwa ameambiwa na mtu kwamba dawa ya kupulizia hudhoofisha kinga ya mwili na kuifungulia korona mlango. Akaiacha ile dawa ya kila siku. Mwezi wa Aprili, usiku wa manane, mtoto akabanwa. Jirani alikuja na pampu yake mwenyewe, wakambeba hadi hospitali, na kwa uwezo wa Allah akapona. Misikiti ilipoanza kufunguliwa kwa masharti mwezi wa Julai, mama alikuja kutuona. Alisema, "Ustadh, mwanangu alikuwa anaziba mdomo kwa mto ili majirani wasimsikie akikohoa. Aliogopa watu kuliko alivyoogopa maradhi."

Hatukuwa na jibu. Tulimuomba radhi yeye na mwanawe, na tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma juu ya jambo hili.

WALIOTUTANGULIA

Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639 Miladia, tauni iliingia Sham ikaitwa tauni ya Amwas. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani, akafika mahali paitwapo Sargh, na hapo akapewa habari. Alishauriana na Muhajirina na Ansari, kisha Abdurrahman bin Awf (R.A.) akawafikishia mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mtu asiingie nchi yenye tauni wala asiikimbie akiwa ndani yake. Umar akarudi Madina. Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (R.A.) walifia huko Sham pamoja na watu wao. Tauni ile haikuwa maradhi ya pumu, lakini tunajifunza mambo mawili: kujitenga ili kuzuia madhara ni katika dini, na kujitenga si kumtupa mgonjwa.

Miaka mia tatu baadaye aliishi Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kwamba kama vile mtu mwenye akili huweka dawa nyumbani kabla hajaugua, basi na aweke akiba ya fikra njema wakati wa uzima, azitumie hofu itakapomjia. Mwenye pumu anafahamu vizuri maana yake. Hofu huharakisha pumzi, na pumzi ikiharakishwa kifua huzidi kubana, na kifua kikibana hofu huongezeka.

Na karibu na mwaka 1190, mjini Cairo, tabibu Musa bin Maymun aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya pumu. Alikuwa Myahudi, na alitumikia utawala wa ukoo wa Salahuddin al-Ayyubi. Alikiandika kwa ajili ya mtu mwenye cheo ambaye pumu yake ilikuwa ikianza kwa mafua. Alimwambia wazi kwamba hana dawa ya miujiza. Alimpangia maisha: chakula cha kiasi, usingizi, utulivu wa moyo, na hewa safi. Alieleza jinsi hewa ya mji wenye majumba marefu, njia nyembamba na uchafu inavyomdhuru mgonjwa. Zaidi ya miaka 800 imepita, na daktari wa leo bado anasema karibu hayo hayo.

Mjini humo humo, mwaka 1284, Sultani Qalawun alijenga hospitali ya Mansuri na kuiwekea wakfu. Yasimuliwa kuwa mgonjwa alipotoka alipewa fedha, ili asilazimike kukimbilia kazi kabla hajapata nguvu. Tafadhali likumbukeni hili, tutalirudia.

HOMA YA 1918

Mwaka 1918 vita vikuu vya kwanza vilipokuwa vinamalizika, homa kali ya mafua ilizunguka dunia nzima. Inakadiriwa watu wapatao milioni 50 walikufa. Katika nchi zetu iliingia kupitia bandari, Mombasa ikiwa mojawapo, ikapanda reli na kufuata njia za askari na wapagazi. Iliwakuta watu wamechoka. Hapa Rwanda walikuwa wametoka katika njaa ya Rumanura ya miaka ya 1916 hadi 1918.

Wengi waliokufa waliuawa na homa ya mapafu iliyofuata baada ya mafua. Penisilini haikuwa imegunduliwa bado. Iligunduliwa mwaka 1928. Matibabu yaliyokuwepo hasa yalikuwa uangalizi: mtu wa kukuletea maji, wa kukupikia uji, wa kukuinua ukae upate pumzi. Nyumba ambayo wote waliugua kwa pamoja, hakuna wa kuwasha moto wala kuteka maji, ilikuwa katika hatari kubwa zaidi. Jirani ndiye alikuwa dawa.

SWALI LA MTOTO

Watoto wetu hupenda sana kisa hiki. Mwaka 1955 huko Marekani, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye pumu alichoshwa na chombo cha kioo cha kupulizia dawa, ambacho kilivunjika upesi. Akamuuliza baba yake, kwa nini dawa isiwekwe katika kikopo kama marashi ya nywele? Baba alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa. Mwaka 1956 pampu ya kwanza ya namna hiyo ikaanza kuuzwa. Mwaka 1969 ikaja dawa ya salbutamol, ambayo hufungua njia za hewa kwa dakika chache, na katika miaka ya 1970 zikaja dawa za kuvuta za kuzuia uvimbe ndani ya mapafu.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Dawa ya kufungua ni ya kuokoa wakati wa kubanwa. Dawa ya kuzuia hutumiwa kila siku hata ukijisikia mzima, wala hutaona kazi yake mara moja. Kwa kuwa haionekani ikifanya kazi, ndiyo ya kwanza kuachwa. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani wanashauri kuwa watu wazima na vijana wasitegemee dawa ya kufungua peke yake.

KORONA ILITUFUNZA NINI?

Uvumi uliomfikia yule mama uliwafikia wengi. Ushauri wa wataalamu mwaka 2020 ulikuwa kinyume chake: mwenye pumu aendelee na dawa yake ya kuzuia, kwani pumu iliyotulizwa ndiyo ngao yake. Ilikuja kuonekana kwamba pumu nyepesi iliyodhibitiwa vizuri haikuongeza sana hatari ya kufa kwa korona. Walioathirika zaidi ni wenye pumu kali isiyotulizwa na wenye mapafu yaliyoharibiwa na sigara na moshi wa miaka mingi.

Wagonjwa wa kifua kikuu nao walipata msiba wao wa kimya. Mwaka 2019 waliogunduliwa na kuandikishwa duniani walikuwa milioni 7.1, mwaka 2020 walishuka hadi milioni 5.8. Maradhi hayakupungua, bali watu waliogopa kwenda kupimwa, au njia zilifungwa, au kikohozi kilikuwa aibu. Mwaka huo vifo vya kifua kikuu viliongezeka. Kijana wetu aliyekohoa ndani ya mto hakuwa peke yake.

Na ule mvuke wa kujifukiza uliosifiwa sana siku zile? Haukuthibitika kuua virusi. Wako walioungua kwa maji ya moto, na kwa mwenye pumu harufu kali ya majani inaweza kuamsha kifua badala ya kukituliza.

MAMBO YA KUZINGATIA NYUMBANI

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Maradhi ya mlipuko hayakwisha, na mafua huja kila mwaka. Basi tujipange:

1. Usiache dawa ya kuzuia bila kauli ya daktari. Weka akiba kabla haijakwisha, na andika karatasi yenye jina la dawa na namna ya kuitumia, ibandike mahali wote nyumbani wanapaona.

2. Mtoto hupata dawa vizuri zaidi kupitia chombo cha kati kinachounganishwa na pampu. Kama hakipatikani, watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, inaweza kufanya kazi hiyo. Muombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

3. Wakati wa maradhi ya kuambukiza, kila mtu awe na pampu yake. Jirani aliyetoa yake usiku ule alifanya jambo la dharura, lakini isiwe desturi.

4. Toa moshi nyumbani. Jiko la mkaa likae nje. Udi na ubani vina uzuri wake, lakini havina ulazima pale alipo mtu wa pumu.

5. Fahamu dalili za hatari: hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, au pampu haimsaidii. Mkalishe wima, usimlaze, mpe dawa ya kufungua kama alivyoelekezwa, na mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi.

6. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Si aibu.

7. Kuhusu Ramadhani, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Wako wanaoona pampu haifunguzi, na wako wanaoona inafunguza. Lakini mgonjwa anayehofia kudhurika ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, hapo hakuna tofauti. Asiyeweza kupumua asisubiri Magharibi. Amuulize daktari wake na shekhe wake kabla mwezi haujaandama.

WITO WETU

Tuliomba mrudie kisa cha hospitali ya Mansuri. Wakfu ule haukumtazama mgonjwa hadi mlangoni tu, ulimfuata hadi nyumbani. Nasi tuna masanduku ya misikiti. Yananunua mazulia na vipaza sauti, na hayo ni mema. Tunapendekeza kila msikiti utenge sehemu ndogo kwa ajili ya wagonjwa wa kifua: kumlipia bima ya afya asiyeweza, kununua pampu, kumpa chakula mgonjwa wa kifua kikuu katika miezi yake ya dawa. Na akina mama wapangane zamu, kila nyumba yenye mgonjwa ijulikane nani atapiga hodi.

Katika madrasa yetu siku hizi hatufukizi udi darasani. Mtoto akikohoa, tunafungua madirisha na kumuuliza dawa yake iko wapi. Yule kijana sasa ni mkubwa, na ndiye huwafundisha wadogo kushika pampu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia kwa maradhi haya, na atusamehe pale tulipomfukuza aliyehitaji kukaribishwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.