Mwalimu Aliyekubali Kufundishwa

Ndugu zangu, kila nikienda likizo Kwamndolwa na kuitazama milima ya Usambara, humkumbuka Dk. Edward Steere, msomi wa sheria wa Uingereza. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto watano waliotolewa utumwani, waliokabidhiwa kwao na Sultani. Steere aliwafundisha, naye akawauliza wenyeji maneno na kuyaandika. Vijana wakajifunza kupiga chapa. Mwaka 1867 alichapisha kitabu kidogo cha Kishambaa, na mwaka 1870 kitabu cha kujifunzia Kiswahili. Mwaka 1876, akiwa Askofu, alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Masasi pamoja na watu waliokombolewa.

Katika shule ya msingi niliyosoma, aliyesema Kizigua alivishwa kibao shingoni. Nilivishwa, nikaionea haya lugha ya mama yangu hadi chuo kikuu. Mgeni alivuka bahari ajifunze lugha zetu. Mimi nilikwenda Dar es Salaam tu, nikaisahau yangu. Wadogo zangu, katika hilo msinifuate.