Mrija wa udongo, bomba la bati

Seremala mmoja wa Omurushaka, Karagwe, ana karakana nyuma ya nyumba yake. Ana msumeno wa meza, randa ya umeme na feni kubwa ya kunyonya vumbi aliyoipata kwa bahati. Bomba hana. "Mdogo wangu, wewe si unasomea mambo ya hewa? Bomba la bei ya mtu wa kawaida nitalipata wapi?" Nilimjibu harakaharaka: nunua PVC ya maji taka. Baadaye nikagundua nimemjibu vibaya, na jibu zuri zaidi linapatikana kwenye historia ya mkoa wetu wenyewe.

Kwanza, kwa nini ahangaike? Seremala wa zamani alitumia randa ya mkono, na randa ya mkono hutoa maranda yanayoanguka chini, unayafagia, unawashia moto. Mashine za umeme hutoa pia vumbi jepesi linaloelea muda mrefu na kuingia puani bila kuonekana. Madhara yake yalijulikana kwanza kwa wenye viwanda. Mwaka 1968, E. D. Acheson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watengeneza samani wa High Wycombe na maeneo jirani, Uingereza: saratani ya ndani ya pua, ambayo ni nadra sana, ilikuwa inawapata mafundi hao kupita kiasi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likatangaza vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Na huku kwetu watu wanapasua mvule, ambao vumbi lake linawasha ngozi na koo hata kabla hujafikiria saratani. Kitambaa cha kufunga usoni ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini hakizuii chembe zile ndogo kabisa.

Sasa turudi kwenye bomba. Kagera imekuwa ikipitisha hewa kwenye mabomba ya bei nafuu kwa takriban miaka 2,000. Mashariki ya Karagwe, upande wa Ziwa Victoria, Wahaya waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo, wakisukuma hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo wa kuchoma. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mirija hiyo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Walisoma hilo kwenye vipande vya mirija vilivyochimbuliwa, vikiwa na alama za moto na mavi ya chuma kwa nje. Wataalamu wengine, akiwemo J. E. Rehder, walipinga kwamba hewa ilipata moto kiasi hicho. Ubishi ni mtamu, lakini mimi kinachonivutia ni jambo lisilobishaniwa: mirija ilikuwa inaharibika, na fundi hakuiagiza mbali. Ilifinyangwa kwa udongo.

Karagwe yenyewe ilisifika kwa chuma. Stanley alipomtembelea mfalme Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa hazina yenye mikuki ya chuma na sanamu za ng'ombe za shaba. Vitu kama hivyo havitengenezwi na watu wanaobahatisha hewa.

Mvukuto unasukuma, feni ya seremala inanyonya, ila kanuni ya msuguano ni ileile, na hapo ndipo jibu langu la PVC lilipokosea. PVC inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi ni ya inchi 4. Vumbi la mbao linahitaji hewa inayokwenda kama mita 20 kwa sekunde ili lisitue njiani. Kwa mwendo huo, bomba la inchi 6 linapitisha takriban mita za ujazo 1,300 kwa saa, la inchi 4 takriban 580 tu. Ukilazimisha hewa ya bomba la inchi 6 ipite kwenye la inchi 4, upotevu wa nguvu unapanda zaidi ya mara saba. Kumbe unaokoa hela dukani, halafu feni inachoka bure. Kinyume chake pia ni kosa: feni ndogo kwenye bomba nene, mwendo unashuka na vumbi linalala humo humo.

Feni yake inaiweza inchi 6. Kwa hiyo nilimrudisha kwa fundi bati, yule yule anayekunja mifereji ya maji ya mvua. Bati bapa la futi 3 kwa 8 linatoa vipande vinne vya futi 3, kila kimoja kikikatwa upana wa inchi 20: inchi 19 za mzingo na moja ya kukunjia. Kila kipande kiingie ndani ya kile kinachofuata kuelekea kwenye feni, ili maranda yasinase kwenye ukingo. Maungio yazibwe, kona ziwe chache na za mviringo, na waya wa eathi ufungwe, kwa sababu vumbi linaposugua bomba hutengeneza umeme tuli. Bati linaupeleka ardhini kirahisi, plastiki haiupeleki.

(Kichekesho cha jina: tunaita mabati, ila kinachoyakinga na kutu ni zinki. Bati lenyewe, yale madini, limechimbwa hapo jirani Kyerwa tangu enzi za Mwingereza, kabla wilaya hiyo haijakatwa kutoka Karagwe mwaka 2012.)

Alisogeza feni hadi ukuta wa nyuma, karibu na msumeno, na safari ya bomba ikapungua ikawa futi 10 na kona moja. Bati moja lilitosha. Kinachomsumbua sasa ni pa kulitoa vumbi lenyewe, maana nyuma ya ukuta huo ndiko liliko jiko la mke wake.